Daftari la usajili: Walivyojiunga watoto wa wachimba migodi na shule za sarufi za Wales

MTOTO aliyefaulu kuingia shule ya sekondari nchini Wales mwanzoni mwa karne ya 20 hakuanzia darasani. Alianzia mezani, mbele ya mwalimu mkuu au karani, ambapo daftari kubwa lenye jalada gumu lilifunguliwa na jina lake likaandikwa kwa wino.

Kila mwanafunzi alipewa nambari. Baada ya nambari hiyo zilifuata tarehe ya kujiunga, jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, kazi ya mzazi huyo, makazi, shule ya msingi alikotoka, na iwapo alikuwa akilipa karo au alisamehewa. Upande wa kulia wa ukurasa palibaki nafasi tupu. Hizo zilijazwa siku alipoondoka, miaka kadhaa baadaye: aliondoka lini, na alikwenda kufanya kazi gani.

Ni mstari mmoja tu. Hata hivyo, atakayeusoma kuanzia kushoto hadi kulia ataona ukoo mzima ukibadilika. Upande mmoja kumeandikwa baba mchimba makaa ya mawe. Upande wa pili mtoto amekuwa mwalimu, karani wa benki au kasisi. Ataona pia, akiwa na jicho la kuona, kile ambacho mtoto huyo aliacha mlangoni ili aruhusiwe kupita.

Kabla ya kuendelea ni vyema tulieleze jina lenyewe. Shule ya sarufi haikuitwa hivyo kwa sababu ilifundisha sarufi ya Kiingereza, sembuse ya Kiwelisi. Sarufi iliyokusudiwa ilikuwa ya Kilatini, lugha ya kanisa, sheria na vyuo vikuu wakati shule za aina hiyo zilipoanzishwa.

Wales ilikuwa na shule kongwe za namna hiyo. Friars mjini Bangor ilianzishwa mwaka wa 1557, ile ya Botwnnog katika rasi ya Llŷn ikaanza 1616, nayo Lewis School ya Pengam, kusini mwa nchi, ikaanzishwa mwaka wa 1729. Nyingi zilisimama juu ya wosia wa tajiri fulani aliyeacha ardhi au fedha ili wavulana wasomeshwe.

Tatizo ni kwamba shule hizo zilikuwa chache, zilihudumia wavulana peke yao, na nyingi zilikuwa chini ya Kanisa la Kianglikana ilhali Wawelisi wengi walisali katika makanisa ya Wamethodisti, Wabaptisti na madhehebu mengine yaliyojitenga na kanisa hilo la serikali. Mchimba migodi Mmethodisti aliyekuwa na binti mwerevu hakuwa na pa kumpeleka.

Nusu peni iliyojenga shule

Mabadiliko yalitokana na kamati iliyoongozwa na Lord Aberdare, ambayo mwaka wa 1881 ilitoa ripoti kuhusu hali ya elimu ya juu na ya kati nchini humo. Ripoti hiyo ilionyesha kuwa kati ya shule ya msingi na chuo kikuu palikuwa na pengo kubwa lisilo na daraja.

Miaka minane baadaye, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Elimu ya Kati ya Wales ya 1889. Sheria hiyo iliziruhusu kaunti kutoza kodi ya nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali isiyohamishika, na Hazina ya serikali ikaahidi kutoa kiasi kama hicho juu yake. Zaidi ya hayo, shule zilizojengwa kwa fedha hizo hazikupaswa kufungamana na dhehebu lolote.

England yenyewe haikuwa na sheria ya namna hiyo hadi 1902. Kwa mara moja, nchi ndogo iliyozoea kuburutwa ilikuwa imetangulia mbele.

Shule ya kwanza chini ya sheria hiyo ilifunguliwa Caernarfon mwaka wa 1894. Kufikia 1902 zilikuwa 95, zikitapakaa kutoka bandari za kusini hadi vijiji vya milimani. Mwaka wa 1896 ikaundwa Bodi Kuu ya Wales, ambayo ilikagua shule hizo na kutunga mitihani yake.

Rasmi ziliitwa shule za kati za kaunti. (Msomaji asizichanganye na shule za kaunti tunazozijua Kenya, kinachofanana ni jina.) Zile kongwe nyingi ziliingizwa katika mpango huo huo, zikaendelea kufundisha Kilatini, nazo mpya zikaiga zile kongwe kwa kila hali, kuanzia kofia zenye nembo hadi wimbo wa shule. Ndiyo sababu watu waliziita zote shule za sarufi, na baada ya sheria ya elimu ya 1944 jina hilo likawa rasmi.

Baadhi ya shule hizi zilikuwa za wavulana, nyingine za wasichana, na nyingine mchanganyiko. Katika wilaya za mashambani uchanganyaji haukutokana na fikra za kimaendeleo bali hesabu: watoto hawakutosha kujaza shule mbili, wala fedha hazikutosha kujenga mbili. Iwe iwavyo, binti wa mkulima wa Wales mwaka wa 1900 alikuwa na nafasi ya kusoma aljebra ambayo nyanya yake hakuwahi hata kuiota.

Nani aliandikwa, nani hakuandikwa

Kujiunga hakukuwa haki ya kila mtoto. Elimu ya msingi ilikuwa bila malipo karibu kote tangu 1891, lakini sekondari ilitozwa karo. Karo hiyo ilikuwa ya chini ikilinganishwa na ya shule za bweni za matajiri, lakini kwa mtu anayelipwa kila wiki na kula mshahara wote kabla ya Jumamosi nyingine, pauni chache kwa mwaka zilikuwa mlima.

Ndipo ulipokuja mtihani wa ufadhili. Mtoto wa miaka 11 au 12 alikalishwa kwenye dawati geni, katika mji asioujua vizuri, akajibu maswali ya hesabu na Kiingereza. Waliofaulu vizuri walisamehewa karo. Waliobaki walilipa, au walirudi nyumbani.

Mwaka wa 1907 serikali ilitoa kanuni mpya kwa shule zote za sekondari za England na Wales zilizotaka ruzuku kamili. Kila shule ilitakiwa kutenga robo ya nafasi zake bila karo kwa watoto waliotoka katika shule za msingi za umma. Wales ilikuwa imekwisha kuzoea kutoa ufadhili, kwa hivyo kanuni hiyo haikuishtua kama ilivyozishtua baadhi ya shule za England zilizoona haya kuketisha mtoto wa fundi viatu kando ya mtoto wa wakili.

Lakini karo haikuwa gharama peke yake, na hapa ndipo daftari linaponyamaza. Halisemi kitu kuhusu viatu. Halisemi kitu kuhusu vitabu, nauli ya gari la moshi, wala ile gharama kubwa kuliko zote: mshahara ambao mtoto angeleta nyumbani kama angekwenda kazini.

Mvulana wa miaka 13 au 14 katika mabonde ya kusini angeweza kushuka mgodini na kuanza kulipwa. Mzazi aliyemwandikisha sekondari alikuwa anakubali kumlisha kwa miaka minne au mitano zaidi bila kupata kitu. Familia nyingi zilifanya uamuzi ambao hakuna mzazi anayependa kuukumbuka: mmoja asome, wengine wafanye kazi ili asome. Aghalabu aliyesoma hakuwa mwerevu kuliko wote bali yule aliyezaliwa wakati ndugu zake wakubwa walikuwa wameanza kuleta pesa.

Aneurin Bevan, aliyezaliwa Tredegar mwaka wa 1897, hayumo katika daftari la shule yoyote ya sarufi. Aliacha shule ya msingi mwaka wa 1911 akiwa na umri wa miaka 13, akaingia mgodini. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri wa afya wa Uingereza na kuanzisha huduma ya matibabu ya bure mwaka wa 1948. Mshairi Hedd Wyn, mtoto wa mkulima wa Trawsfynydd, naye hakupata elimu ya sekondari. Alipotangazwa mshindi wa kiti cha ushairi katika tamasha la kitaifa la Eisteddfod mwaka wa 1917, alikuwa amekwisha kuuawa vitani nchini Ubelgiji, na kiti hicho kikafunikwa kitambaa cheusi.

Ni vyema kuwakumbuka hao kila mara mtu anaposifu kwamba shule hizi ziliwachagua werevu.

Jones, Jones na Jones mwingine

Anayefungua daftari la namna hii kwa mara ya kwanza hushangazwa na majina. Jones, Evans, Davies, Williams, Roberts, Hughes, kisha Jones tena, ukurasa baada ya ukurasa.

Sababu yake si ngeni kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki. Zamani Wawelisi hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la babaye, yakiunganishwa kwa neno "ap" au "ab" ambalo kazi yake ni ile ile ya "bin". Rhys bin Owen angeitwa Rhys ab Owen, naye mwanawe Dafydd ap Rhys.

Sheria za Kiingereza zilipodai jina lisilobadilika kutoka kizazi kimoja hadi kingine, majina ya mababa yaliganda. Ap Rhys likawa Price, ap Harry likawa Parry, ap Hugh likawa Pugh, ab Owen likawa Bowen. Wengine waliongezewa tu herufi ya "s" mwishoni: mwana wa John akawa Jones, wa Evan akawa Evans. Kwa kuwa majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache, taifa zima likajikuta likigawana majina ya ukoo yanayoweza kuhesabiwa kwa vidole.

Kijijini hilo halikuwa tatizo. Mtu alijulikana kwa shamba lake au kazi yake: Jones wa maziwa, Evans wa duka la mikate. Shuleni lilikuwa tatizo kubwa. Ndiyo maana makazi na kazi ya mzazi vina thamani kubwa katika daftari hizi. Pasipo hivyo, John Jones wa nambari moja hawezi kutofautishwa na John Jones wa nambari inayofuata.

Jambo jingine ni la kuzingatia. Jina lililoandikwa si lazima liwe lile aliloitwa mtoto nyumbani. Gruffydd aliweza kuandikwa Griffith, na Wiliam wa mamaye akawa William wa mwalimu.

Kazi ya baba

Safu ya kazi ya mzazi ndiyo ramani halisi ya nchi. Katika shule za kusini inajaa wachimba makaa, wafanyakazi wa reli, mafundi wa viwanda vya chuma na mabati. Magharibi na katikati ni wakulima wadogo na wachungaji wa kondoo. Pwani kuna mabaharia na manahodha. Kaskazini-magharibi kuna watu wa machimbo ya mawe bapa ya kuezekea nyumba, yale yaliyofunika mapaa ya miji mingi ya Uingereza na ng'ambo.

Wachimba mawe hawa walikuwa watu wa aina ya pekee. Saa ya chakula cha mchana walikutana katika kibanda kilichoitwa "caban", wakajadili siasa na dini, wakaimba, wakashindana kwa mashairi. Chuo kikuu kilipofunguliwa Bangor mwaka wa 1884, wao walikuwa miongoni mwa waliochanga senti zao kukianzisha. Kwa hivyo mtu asidhani kwamba mtoto wa mchimba mawe aliyeingia shule ya kaunti alitoka gizani kuja kwenye nuru. Alitoka katika nyumba yenye vitabu, ila vilikuwa vya Kiwelisi.

Maisha yao, hata hivyo, yalining'inia kwenye uzi mwembamba. Mnamo Novemba 1900 wafanyakazi wapatao 2,800 walitoka katika machimbo ya Penrhyn, karibu na mji wa Bethesda, baada ya mzozo na mwenye machimbo kuhusu chama chao. Mgomo huo ulidumu hadi Novemba 1903. Katika madirisha ya nyumba zilionekana kadi zilizotangaza kwamba humo hamna msaliti. Wanaume wengi walikwenda kutafuta kazi katika migodi ya kusini, na wengine hawakurudi.

Bethesda ilikuwa na shule yake ya kaunti tangu 1895. Kwa miaka hiyo mitatu neno "mchimba mawe" katika safu ya kazi ya mzazi lilimaanisha mtu asiye na mshahara.

Mtoto aliyetoka mbali na mji alikuwa na shida ya ziada. Pasipokuwa na gari la moshi la kumfikisha asubuhi na kumrudisha jioni, alipangishiwa chumba. Desturi ya mashambani ilikuwa mtoto kuja mjini Jumatatu na kikapu cha mkate, siagi na mayai kutoka nyumbani, mama mwenye nyumba akimpikia, kisha kurejea Ijumaa. Fikiria mtoto wa miaka 12 akijipimia mkate ufike Alhamisi.

Lugha iliyobaki nje ya lango

Tuje kwenye jambo ambalo halina safu yake katika daftari, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Sensa ya 1901 ilionyesha kuwa karibu nusu ya watu wa Wales walizungumza Kiwelisi. Katika kaunti za kaskazini-magharibi na magharibi walikuwa wengi zaidi, na watoto wengi hawakujua lugha nyingine hadi walipoanza shule.

Nyumbani Kiwelisi, kanisani Kiwelisi, na katika shule za Jumapili walikojifunza kusoma, Kiwelisi. Shule ya kaunti ilikuwa ya Kiingereza tangu mtihani wa kuingia hadi hotuba ya siku ya kutoa tuzo.

Chimbuko la hali hiyo ni la zamani. Mwaka wa 1847 makamishna watatu kutoka England, ambao hakuna hata mmoja wao aliyejua Kiwelisi, walitoa ripoti iliyolaumu lugha hiyo kwa ujinga na upotovu wa maadili wa watu. Wawelisi waliichukia ripoti hiyo hadi wakaipa jina la usaliti, lakini wengi waliimeza sumu yake: wakaamini kwamba mtoto hawezi kuendelea pasipo Kiingereza, na kwamba Kiingereza hakiwezi kuja mpaka Kiwelisi kiondoke.

Katika baadhi ya shule za msingi za karne ya 19 palikuwa na kibao kilichochorwa herufi W.N. Mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa shingoni. Angekivua kwa kumsikia mwenzake akikosea, kisha kikahamia shingo hiyo, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku akachapwa.

Wasomaji wa marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o hawatahitaji kuelezwa zaidi. Katika kitabu chake kuhusu ukombozi wa fikra cha mwaka wa 1986 alisimulia jinsi kifungo kilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono katika shule za Kenya ya kikoloni, wakisakwa waliosema Kikuyu. Ni mchezo ule ule: wanafunzi wanageuzwa wapelelezi wa wenzao, na lugha ya mama inakuwa kosa la jinai.

Mmoja wa waliovishwa kibao hicho alikuwa Owen M. Edwards, aliyezaliwa Llanuwchllyn mwaka wa 1858. Aliandika habari hizo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1906. Mwaka uliofuata, serikali ilipounda Idara ya Wales katika Bodi ya Elimu, alifanywa mkaguzi mkuu wa shule, cheo alichokishikilia hadi kifo chake mwaka wa 1920. Mtoto wa kibao akawa mkubwa wa walimu wote.

Edwards alihimiza Kiwelisi kifundishwe. Katika ripoti ya 1909 aliishambulia Bodi Kuu ya Wales kwamba mitihani yake ilikuwa inazifanya shule kuwa ngumu na kavu kama mbao. Bodi ilikasirika na mabishano yakaendelea kwa muda mrefu. Hata hivyo, katika shule nyingi Kiwelisi kilibaki somo la hiari, mara nyingi likiwekwa saa moja na Kifaransa ili mwanafunzi alazimike kuchagua moja. Mtoto wa mchimba mawe aliulizwa kama anataka lugha ya mamaye au ya Paris.

Sensa ya 1911 ilikuta wasemaji 977,366, idadi kubwa kuliko iliyowahi kuhesabiwa kabla yake au baada yake. Hata hivyo walikuwa asilimia 43.5 tu ya watu wote, kwa maana idadi ya watu ilikuwa imeongezeka kwa kasi zaidi. Si haki kuzitwika shule peke yake lawama hiyo. Wahamiaji waliofurika migodini na biashara vilichangia sana. Lakini shule ndizo zilizowafundisha werevu wa taifa kwamba mambo mazito huandikwa kwa Kiingereza.

Wawili waliotoka Caernarfon, mmoja kutoka Holywell

Shule ya Caernarfon iliyofunguliwa 1894 ilimpokea W.J. Gruffydd miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza kabisa. Alikuwa mtoto wa mchimba mawe wa kijiji cha Bethel. Kutoka hapo alikwenda Oxford, akawa mshairi na profesa wa Kiselti katika chuo cha Cardiff, na mwaka wa 1943 akachaguliwa kuwa mbunge.

Miaka kumi baada yake, mwaka wa 1904, akaingia msichana wa Rhosgadfan aliyeitwa Kate Roberts. Babaye pia alikuwa mchimba mawe. Alikaa hapo hadi 1910, akasomea Kiwelisi katika chuo cha Bangor, akawa mwalimu, na hatimaye mwandishi ambaye Wawelisi wengi humhesabu kuwa bingwa wa nathari yao katika karne ya 20.

Ndugu yake mdogo alikufa kwa majeraha ya vita huko Malta mwaka wa 1917, na huzuni hiyo ndiyo iliyomtia kalamu mkononi. Riwaya yake ya mwaka wa 1936, Traed mewn Cyffion, inasimulia habari za familia ya mchimba mawe ambayo mwanawe mmoja anapata ufadhili wa shule ya kaunti. Wazazi wanajinyima, mtoto anapanda, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyozidi kuwa mgeni kwao. Vita vinapomchukua mwana mwingine, barua rasmi inakuja kwa Kiingereza, na mama hawezi kuisoma. Inambidi aende kutafuta mtu wa kumsomea habari ya kifo cha mwanawe.

Sijui maelezo bora kuliko hayo kuhusu yale ambayo shule hizo zilifanya na yale ambayo hazikufanya.

Wa tatu ni Emlyn Williams, aliyezaliwa Flintshire mwaka wa 1905 na kukulia katika Kiwelisi. Alipata ufadhili wa kujiunga na shule ya kaunti ya Holywell, ambako mwalimu aliyeitwa Sarah Grace Cooke alikiona kipaji chake na kumsukuma hadi akaingia Oxford mwaka wa 1923. Alikuja kuwa mwigizaji na mtunzi mashuhuri. Tamthilia yake ya mwaka wa 1938, The Corn is Green, inamhusu mwalimu wa kike anayemtoa kijana katika mgodi wa makaa na kumpeleka chuo kikuu. Ilitengenezewa filamu mwaka wa 1945, Bette Davis akiwa mwalimu huyo.

Safu ya mwisho

Si wote waliomaliza. Wakaguzi walilalamika mara kwa mara kwamba wanafunzi wengi waliondoka kabla ya kufanya mtihani wa maana. Mwaka mmoja, miwili, kisha nafasi tupu ya kulia inajazwa: amekwenda kusaidia shambani, ameingia dukani, yuko ofisini, yuko nyumbani. Neno hilo la mwisho, likiwa mbele ya jina la msichana, huficha mengi. Huenda mama alikuwa mgonjwa, au amekufa, na wadogo walihitaji mlezi.

Waliofika mwisho walifuata njia chache. Ualimu ulishinda zote, hasa kwa wasichana, kwa kuwa ndiyo kazi ya heshima iliyokuwa wazi kwao. Wavulana walikwenda vyuoni, kanisani, benki, reli na ofisi za serikali. Wengi waliishia England. Baina ya vita viwili vya dunia, uchumi wa makaa uliporomoka na mamia ya maelfu ya watu wakahama Wales, walimu wakiwa katika msafara huo. Kaunti zilitoza kodi kumsomesha mtoto, kisha Birmingham na London zikafaidi.

Wengi wa walioandikwa katika miaka ya mwanzo ya karne walikuwa katika umri wa jeshi vita vilipozuka mwaka wa 1914. Shule nyingi zina ubao wa shaba au wa mawe wenye orodha ya waliouawa. Ukiuweka kando ya daftari, majina yale yale ya Jones na Evans yanarudi.

Karo ya sekondari ilifutwa na sheria ya elimu ya 1944, na badala yake ukaja mtihani wa miaka 11 uliowagawa watoto wote kati ya shule za sarufi na nyingine zenye hadhi ya chini. Kisiwa cha Anglesey ndicho kilichokuwa cha kwanza katika England na Wales kuuacha mgawanyo huo kabisa, mwaka wa 1953, watoto wote wakasoma pamoja. Kaunti nyingine zilifuata polepole, na leo Wales haina shule yoyote ya sarufi ya serikali.

Shule ya kwanza ya sekondari iliyofundisha kwa Kiwelisi chini ya mamlaka ya elimu, Glan Clwyd, ilifunguliwa Rhyl mwaka wa 1956. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa lugha hiyo wapatao 538,300, yaani asilimia 17.8.

Daftari nyingi za usajili zimehifadhiwa katika nyumba za nyaraka za kaunti, na za kati ya 1870 na 1914 kutoka sehemu kubwa ya England na Wales zimepigwa picha na kuwekwa katika mtandao wa intaneti. Wanaozifungua sana ni watu wanaotafuta mababu zao. Anayefanya hivyo ashauriwe kuandika jina la shamba au la nyumba kabla ya kuandika Jones, na kutazama tarehe ya kuzaliwa katika zaidi ya daftari moja, kwa sababu mtoto mmoja aliyeondoka na kurudi aliweza kupewa nambari mbili.